Nyuzi Tatu

Saa tatu asubuhi nafungua kisanduku cheupe
nyuma ya shule, hapa Matamba.
Kina miguu minne na mbavu za mbao,
kimeanza kazi kabla yangu.
Ndani zimelala mbili:
moja ya zebaki, inakumbuka joto la jana mchana;
moja ya spiriti, ina kijiti cheusi kama mguu wa sisimizi
kilichoburutwa chini usiku kucha
kikaachwa pale baridi ilipochoka.
Nazisoma. Naandika kwa penseli, kalamu hugoma.
Kisha naitikisa ya kwanza, naiinamisha ya pili,
zisahau.

Jioni redio inatufikia, nyanda za juu kusini:
kiwango cha juu cha joto nyuzi kumi na tisa,
kiwango cha chini nyuzi tatu.
Cha juu hutajwa kwanza, kama mgeni rasmi,
ingawa cha chini ndicho kitakachowahi kuamka.
Na katikati hapatajwi:
saa nne, ukungu unapoachia mabati,
saa saba, pareto imeanikwa,
saa kumi na moja, watoto wanafungua masweta viunoni
na kuyavaa bila kuambiwa.
Siku imeshikwa ncha mbili
kama shuka linalokunjwa na watu wawili,
tumbo lake linaning'inia.

Juni ile Yuditi Tweve alifika kabla sijafungua.
Mkononi shina la kiazi,
majani meusi, kama yamepitishwa motoni.
"Jana mmesema tatu."
"Tatu."
"Maji huganda kwenye ngapi?"
"Sifuri."
"Basi nani amechoma vinyungu vyangu?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa:
mama, kisanduku hakigusi ardhi,
kiko usawa wa kifua cha mtu aliyesimama.
Hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka kama maji,
hujaa bondeni, hulala huko huko kwenye vinyungu.
Tatu ni ya hapa juu. Tatu si uongo.

Akanitazama toka viatu hadi kofia.
"Kumbe mnawapimia waliosimama."
Akaliweka lile shina juu ya daftari langu.
"Kiazi hakijawahi kusimama.
Na nyuzi tatu, mwanangu, hata kifungo hazishoni."

Daftari la serikali lina safu mbili,
ya juu, ya chini.
Ya chini ya chini haina safu.

Jioni nikateremka na kipimajoto cha akiba,
nikakilaza kwenye nyasi, ukingoni mwa tuta lake la mwisho,
aibu kidogo, kama mtu anayeficha kitu.
Nikarudi kungali giza.
Nyasi zilivunjika chini ya buti kama maganda ya mayai,
sakitu imeshika mpaka kwenye nyuzi za buibui.
Nikamulika: hasi mbili.
Yuditi alikuwa ameshafika. Hakuniamkia.
Alikuwa akiinua magunia aliyofunika usiku,
tuta kwa tuta, ncha ya kidole,
kama anayekagua watoto waliolala.
Saa tatu, kule juu, kisanduku kikasema tatu.

Hasi mbili nimeiandika pembeni mwa ukurasa,
hafifu. Mkaguzi akija ataniuliza ni ya nani.

Siku hizi redio ikishataja
Mbeya, Iringa, Njombe,
Yuditi hungoja ya chini, anatoa tano,
anakwenda kutafuta magunia.
Ya juu haisikilizi kabisa.
"Hiyo," anasema, "ni ya kuwaambia wageni."

Jana alinipita getini, debe kichwani,
hakusimama. Anajua nyumba yangu ina kitanda kipana
na blanketi moja tangu Enelika azikwe.
"Na wewe huko," akasema, "ukishazima taa,
unatoa ngapi?"

Nikamjibu sijapima.